Upande wa Upepo

(Hotuba ya mhitimu wa mwaka 1976, iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa chakula wa shule)



Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka niseme juu ya "Uhandisi na Maendeleo ya Taifa". Ni mada nzuri, na nimekwisha kuisemea mara mbili katika ukumbi huu huu. Anayetaka kuisikia mara ya tatu aje nyumbani kwangu, nitampa na chai. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya kisiwa kimoja cha Ugiriki kiitwacho Mykonos, ambako nilikaa siku kumi na mbili mwezi Agosti mwaka 2024. Wajukuu zangu waliposikia kwamba babu anakwenda Mykonos walicheka hata wakakaa chini, kwa kuwa kwao wao jina hilo lina maana moja tu: muziki usiku kucha, vijana nusu uchi, na chupa ya mvinyo kwa bei ya mbuzi. Nikawaacha wacheke. Sikuwa nakwenda kucheza. Nilikuwa na mtu wa kuonana naye, nami nitamfikia nikiisha kuwaelezeni mahali penyewe.

Mykonos ni kimoja cha visiwa vinavyoitwa Cyclades, katika Bahari ya Aegean. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 85 hivi. Mafia yetu inakishinda zaidi ya mara nne. Wenyeji, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, ni 10,000 na ushei. Ni nchi ya mawe na upepo. Miti ni michache, mvua ni haba, na sehemu ya maji ya matumizi hupatikana kwa mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Kwa karne nyingi watu wake walikuwa mabaharia, wavuvi na wakulima wa shayiri, na wengi walikihama kwa sababu ya umaskini. Wageni wa kwanza hawakukijia chenyewe. Walikuja kutazama kisiwa jirani cha Delos, ambako Wafaransa walianza kuchimbua magofu ya kale mwaka 1873, na Mykonos ikawa mahali pa kulala. Baadaye wakaja matajiri na watu mashuhuri. Jacqueline Kennedy alifika mwaka 1961. Nyuma ya matajiri wakaja wale wanaotaka kuonekana karibu na matajiri, na nyuma yao ukaja muziki. Siku hizi meli za watalii, ndefu kuliko mtaa mzima, zinaweza kushusha maelfu ya watu katika siku moja.

Sasa mtu mwenyewe. Waliohudhuria mkutano wetu wa mwaka 2022 watakumbuka kwamba nilisimama hapa, kifua mbele, nikawaambieni kuwa mwanangu wa mwisho anasoma uhandisi Thessaloniki, Ugiriki, na kwamba baada ya mwaka mmoja atarudi na shahada. Mlinipigia makofi. Ndugu Katibu akaliandika jambo hilo katika kumbukumbu za mkutano, na likachapwa katika gazeti hili. Ndugu zangu, siku ile nilipokuwa nikisema hayo nilikuwa nimekwisha kujua kwa miezi minane kwamba kijana ameacha chuo. Hakuwa Thessaloniki tena. Alikuwa katika jiko la hoteli moja huko Mykonos, akiosha masufuria. Na mimi na yeye tulikuwa hatusemezani.

Mama yake ndiye aliyenipeleka. Hakuniomba. Alichukua fedha zake za chama cha kuweka na kukopa, akanunua tiketi, akaiweka juu ya redio yangu, akaenda zake jikoni. Baada ya miaka thelathini na minane ya ndoa najua maana ya kitu kuwekwa juu ya redio yangu.

Meli ya kutoka Piraeus ilikwenda saa tano hivi. Kijana alinipokea bandarini. "Shikamoo, baba." Nikamjibu, "Marahaba. Mizigo ni hii." Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza baada ya miaka miwili na nusu. Nilimwona amekonda, na mikono yake ina makovu ya mafuta ya moto kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Hakuniambia kitu, nami sikuuliza. Alikuwa na zamu saa 10 jioni hata saa 8 za usiku, kwa hiyo alinifikisha kwake, akanionyesha kitanda, akaondoka.

Chumba alichopangiwa na mwajiri wake kiko nje kidogo ya kijiji cha Ano Mera, katikati ya kisiwa, na anakikaa na wenzake watatu: Mwalbania mmoja, Mgeorgia mmoja, na Mmisri mmoja. Wale vijana walinipa kitanda kizuri kuliko vyote, na Mgeorgia akalala chini juu ya godoro la sponji siku zote kumi na mbili bila kunung'unika. Waliniita baba kwa lugha nne.

Siku tatu za kwanza niliziharibu mimi mwenyewe. Mnanijua: nimefanya kazi ya barabara kwa miaka thelathini na minne, na mtu wa barabara huamka na orodha. Niliamka na orodha. Nilipanda basi hadi mji mkuu wa kisiwa, ambao wenyeji huuita Chora, nikaanza kuvikamilisha vitu kimoja kimoja: vinu vya upepo juu ya kilima, ambavyo vingi vilijengwa tangu karne ya 16 kusaga nafaka; nyumba zilizojengwa hata maji ya bahari yanapiga kuta zake; kanisa jeupe la Paraportiani, lililo kama makanisa kadhaa yaliyoyeyuka yakashikana. Vyote ni vizuri. Sikuona hata kimoja. Niliona migongo ya watu. Vichochoro vya Chora ni vyembamba na vinajipinda kama vya Mji Mkongwe wa Unguja, na wenyeji husema vilijengwa hivyo makusudi kuwapoteza maharamia na kuukata upepo. Mwezi Agosti saa 5 asubuhi havipotezi mtu, kwa sababu huwezi kwenda popote ila wanakokwenda wote. Kikombe cha kahawa kando ya maji kilinigharimu fedha ambazo sitazitaja mbele ya mke wangu aliyeketi pale.

Usiku kilima kizima kilikuwa kikipokea mdundo kutoka pwani za kusini, kama kuna mtu anatwanga chini ya ardhi. Nililala macho wazi nikimngoja kijana. Alipoingia saa 9 za usiku nilijifanya nimelala.

Asubuhi ya siku ya nne Mmisri, aliyekuwa na zamu ya alfajiri katika tanuri la mikate, alinikuta nimeketi nje. Enzi zetu kengele ya shule hii ililia saa 11 na nusu, kisha mchakamchaka, na mwili wangu haujasahau. Akanipakia kwenye pikipiki yake. Tulifika Chora kabla ya saa 12, naye akanishusha, akasema atanirudisha mchana.

Nilikuta mji mwingine. Vichochoro vile vile, lakini unasikia maji yakichuruzika. Bibi mmoja mwenye nguo nyeusi alikuwa akifagia mbele ya mlango wake, jirani yake anapaka chokaa kwenye maungio ya mawe ya njia. Ufukweni wavuvi walikuwa wameweka samaki wachache juu ya meza ya marumaru, paka wamekaa chini kwa utaratibu kama wanafunzi kwenye foleni ya uji. Ndege mwari alikuwa akitembea katikati yao. Kisiwa hiki kimekuwa na mwari tangu mwaka 1958, mvuvi mmoja alipomwokota aliyejeruhiwa; yule wa kwanza alikufa mwaka 1985, na nafasi yake imeshikwa na wengine. Kwenye ngazi za kanisa waliketi wasichana wawili waliotoka kwenye muziki, viatu mkononi, wamelaliana mabegani. Yule bibi alipofika walipo alifagia kuwazunguka, akaenda mbele.

Nilikaa hapo mpaka saa 3, watu wa meli walipoanza kupanda kutoka bandarini. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikuwa nimekaa mahali bila kujua kinachofuata katika orodha.

Tangu siku hiyo niliacha kukitafuta kisiwa cha kwenye picha, nikabaki zaidi Ano Mera. Kijiji hiki kina uwanja mmoja, miti michache, meza za kahawa, na nyumba ya watawa ya Panagia Tourliani iliyoanzishwa mwaka 1542 na kujengwa upya mwaka 1767, yenye mnara wa kengele wa marumaru uliochongwa vizuri mno. Chini ya mti mmoja alikuwa anakaa mzee wa miaka themanini na kitu, ana shanga mkononi anazihesabu kama tasbihi, ingawa haombi kitu. Wanaume wa Kigiriki huzichezea tu kupitisha wakati. Siku ya kwanza aliniuliza kwa Kiingereza cha melini ninatoka wapi. Nilipotaja Tanzania aliweka shanga mezani akasema, "Tanga! Mkonge!"

Alikuwa baharia wa meli ya mizigo. Katika miaka ya 1960 walikuja Tanga kupakia katani. Ndugu wahitimu wa umri wangu hawana haja ya kuelezwa. Vijana huenda hawajui kwamba miongoni mwa wenye mashamba makubwa ya mkonge katika Tanganyika walikuwamo Wagiriki wengi, kabla mashamba mengi hayajachukuliwa na serikali mwaka 1967. Mzee huyo hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mtu wa kutia mafuta mitambo. Aliyakumbuka maneno matatu ya Kiswahili: mkonge, baharia, na polepole. Hilo la mwisho alilipenda kwa sababu Wagiriki wanalo lile lile, nao hulisema mara mbili kama sisi: siga-siga.

Niliagiza kahawa. Ni kahawa ya kikombe kidogo, nzito, mashapo yakikaa chini, mtu wa Lamu au Unguja angeitambua kwa harufu. Nikainywa kwa mafunda mawili kama nilivyozoea kunywa kahawa kwenye kambi za ujenzi, nikatazama saa. Mzee akacheka. Akaniambia kahawa moja ni saa moja. Akiinuka mtu kabla ya hapo wenzake hudhani amepata habari za msiba. Basi nikawa mwanafunzi wake. Kila asubuhi kahawa moja, saa moja. Siku ya kwanza ilinitesa. Miguu ilitaka kwenda. Siku ya tatu niligundua kwamba nimeyajua majina ya nusu ya watu wanaopita uwanjani.

Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini kisiwa kina pande mbili, na maelezo yake yalinifurahisha kama mhandisi. Mwezi Julai na Agosti, katika bahari ile, huvuma upepo wa kaskazini unaoitwa meltemi. Huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, hata meli ndogo zikazuiwa kuondoka. Pwani za kusini zimekingwa na vilima, maji yake ni shwari, na ndiko walikojenga hoteli na kupanga viti na vipaza sauti. Pwani za kaskazini zinaupokea upepo usoni. Mwavuli hausimami, mchanga unakupiga, mawimbi ni makubwa. Kwa hiyo huko wamebaki mbuzi, kuta za mawe, makanisa madogo ya koo yaliyotapakaa vilimani, na watu wachache. Mzee akasema, upepo ndio askari wetu.

Askari huyo hata hivyo anazidiwa. Nilipita mahali pengi nikaona mashine za kuchimba zikikata vilima. Nakiri kwamba kwanza nilisimama kuzisifu, kwa kuwa nazijua aina zake na bei zake. Baadaye nikaambiwa habari ambayo pia ilitangazwa duniani: mwezi Machi 2023 mtaalamu wa mambo ya kale wa serikali, ambaye kazi yake ilihusu vibali vya ujenzi Mykonos, alivamiwa mjini Athens akapigwa vibaya, na wataalamu wenzake wakagoma kwa hasira. Mimi nimetia sahihi vibali vingi katika maisha yangu. Sikuwahi kupigwa. Niliifikiria habari hiyo kwa muda mrefu.

Kijana ana siku moja ya mapumziko kwa juma. Ya kwanza tuliyokuwa pamoja ilikuja kabla sijahitimu masomo ya kahawa, nami nikasema twende Delos. Mashua hufika kwa nusu saa hivi. Delos haikaliwi na watu ila walinzi na wachimbuaji, na mgeni haruhusiwi kulala. Wagiriki wa kale waliamini kwamba mungu wao Apollo alizaliwa hapo, na visiwa vyote vya Cyclades vimepata jina kwa sababu vinaizunguka Delos kama duara. Mwaka 426 kabla ya Kristo watu wa Athens waliyahamisha makaburi yote ya kisiwani, wakapiga marufuku mtu yeyote kuzaliwa wala kufa hapo; wenye mimba na wagonjwa mahututi walivushwa hadi kisiwa cha pili. Baadaye, katika utawala wa Warumi, kisiwa hicho kitakatifu kikawa soko huria, na biashara kubwa mojawapo ilikuwa ya watumwa. Mwandishi wa kale Strabo aliandika kwamba kiliweza kupokea na kusafirisha watumwa elfu kumi kwa siku moja.

Nilikuwa na orodha: simba wa marumaru, nyumba zenye sakafu za nakshi, jumba la michezo, kilele cha Kynthos. Mashua ya kurudi ilikuwa na saa yake. Kijana alisimama karibu na gati la kale, ambapo masanduku ya biashara yalikuwa yakishushwa, na watu pia. Hakusogea. Nikamwambia twende, bado mambo manne. Akasema, "Baba, watu elfu kumi. Kwa siku." Nikasema najua, nimesoma, twende. Akanitazama, akasema kwa adabu kabisa, "Baba, tumekuja kutazama au tumekuja kumaliza?"

Nilikasirika. Nikamwambia mtu aliyeshindwa kumaliza chuo asinifundishe habari ya kumaliza. Ndugu zangu, nimesema maneno hayo mbele ya magofu yenye miaka elfu mbili na zaidi, na hapakuwa na mtu wa kunivuta koti. Tulivimaliza vitu vyote vinne. Tukarudi katika mashua kila mmoja akitazama upande wake.

Juma lililofuata nililitumia kwa kahawa ya saa moja. Tarehe 15 Agosti ilikuwa sikukuu ya Mama Maria. Uwanja wa Ano Mera ulijaa wenyeji waliovaa vizuri, wazee wakiingizwa kanisani kwa kushikwa mkono, watoto wakikimbizana kati ya meza. Mzee wangu alinitambulisha kwa kila mtu kama baharia mwenzake, nikaacha kumsahihisha. Kijana alikuwa kazini. Siku ya sikukuu ndiyo siku ya sahani nyingi.

Siku yake ya mapumziko ya pili ikaja. Sikupendekeza kitu. Akasema, "Nataka kukuonyesha ninakokwendaga nikipata nafasi." Tuliondoka kwa miguu, tukashika njia ya kaskazini kuelekea pwani ya Fokos. Lami ikaisha. Tukapita bwawa la maji lililo katikati ya vilima vikavu, tukaendelea katika njia ya vumbi, kuta za mawe kulia na kushoto. Kuta hizo hazina saruji wala udongo, jiwe limekaa juu ya jiwe kwa uzito wake, na zimesimama hivyo vizazi na vizazi. Nilisimama kuzishika. Kijana alikuwa anatembea polepole mno, na mara ya kwanza maishani nilikwenda kwa mwendo wake.

Upepo ulikuwa mkali hata tukashindwa kusikilizana. Karibu na pwani kulikuwa na kanisa dogo, chumba kimoja tu, tukakaa nyuma ya ukuta wake mahali pasipo na upepo. Hapo ghafla kukawa kimya. Tukakaa. Sijui muda gani. Saa yangu niliiacha chumbani, na si kwa bahati mbaya.

Ndipo akasema, bila kunitazama. Mwaka wa pili chuoni alifeli masomo mawili ya hesabu. Alitaka kuniambia. Alipiga simu, nami nilipopokea neno langu la kwanza lilikuwa, "Matokeo?" Akasema bado hayajatoka. Juma lililofuata akapiga tena, nikauliza tena, "Matokeo?" Mara ya tatu hakupiga. Alipoanza kazi ya jikoni wakati wa likizo, mpishi mkuu, mtu mkali mwenye matusi, alimwuliza kila siku anapoingia, "Umelala vizuri? Umekula?" Kijana akasema, "Nikaona heri nibaki pale, baba."

Sisi Waswahili, hata mtu akija kukudai deni lake, atakuuliza kwanza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shambani. Mimi nilikuwa nikimwuliza mwanangu matokeo kabla ya hali, na nilianza alipokuwa darasa la tano. Nilitafuta la kusema kwa kujitetea, maana sikosi la kusema. Nilikuwa nalo: ada, dada zake, uzee wangu. Lakini mbuzi walikuwa wakipita, wakatutazama, wakaenda zao, na maneno yale yakapita nao.

Nikamwuliza, "Hali yako, mwanangu?"

Alinijibu mpaka jua lilipoinama. Sitawaambieni yote. Nitasema tu kwamba alikuwa ameondoka kwenye masufuria mwaka mmoja nyuma na sasa anasafisha na kukaanga samaki; kwamba majira ya baridi hoteli hufungwa, naye hurudi Athens, mtaa wa Kypseli, ambako Watanzania si wachache; kwamba fedha alizokuwa akizipokea mama yake, ambazo nilidhani ni za dada yake mkubwa, zilikuwa zake. Nikamkumbuka mama yake na lile tendo la tiketi juu ya redio, nikaelewa kwamba katika nyumba yangu mimi ndiye niliyekuwa sijui kitu.

Kisha akafungua mfuko wake. Alikuwa amebeba mikate mikavu ya shayiri, ile iliyookwa mara mbili ambayo mabaharia wa zamani walikwenda nayo safari, pamoja na nyanya, mafuta ya zeituni, na jibini ya kisiwa hicho iitwayo kopanisti, ambayo ni laini na inawasha ulimi kama pilipili. Akailowesha mikate kwa maji kidogo, akapaka, akakata nyanya juu kwa kisu chake mwenyewe. Nilimtazama mikono. Ilikuwa na haraka isiyo na papara, kama fundi mzuri wa kupanga mawe. Ndicho chakula cha kwanza cha mwanangu nilichokula. Nilikula vipande vitatu, na kile cha tatu kilikuwa chake.

Tuliteremka hadi pwani. Mawimbi yalikuwa makubwa, watu hawakuzidi ishirini katika ufuko wote. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikatia miguu majini. Ni baridi, msidanganywe na picha. Jioni, tukiwa njiani kurudi, mdundo wa kusini ulianza tena nyuma ya vilima, mbali, naye akasema kesho watakuwa na wageni mia mbili wa chakula cha usiku.

Baadhi yenu mmeniuliza jana usiku, bwenini, kama kisiwa hicho kinafaa kutembelewa. Kinafaa. Msiende Agosti kama hamna mtu wa kuonana naye. Nendeni Mei au mwishoni mwa Septemba. Laleni Ano Mera, ingieni Chora kabla ya saa 1 asubuhi, na upande wa kaskazini mwende kwa miguu mkiwa na maji na kofia inayofungwa kidevuni. Yangu inaelea mahali fulani katika Bahari ya Aegean. Mkimkuta mzee mwenye shanga chini ya mti, mwambieni mnatoka Tanga, hata kama ni uongo. Ataagiza kahawa.

Ndugu Mwenyekiti, naona mpishi anachungulia mlangoni, kwa hiyo nafunga. Nina ombi moja kwa Ndugu Katibu. Katika kumbukumbu za mkutano wa mwaka 2022, mahali palipoandikwa kwamba mwanangu anasomea uhandisi na atarudi na shahada, naomba pafutwe. Paandikwe: ni mpishi, yuko Ugiriki, hajambo, na kila Jumapili saa 2 usiku huzungumza na baba yake.